Bildi, bomba na dreja: Historia ya kukomba sakafu ya bahari kuu

WATU wengi hulitaja jina la Kilindini kila siku bila kulisikia. Kilindi ni maji mengi, shimo la bahari ambalo mti wa pondo haufiki chini. Waliouita mji wao Kilindini, ambao vizazi vyao vingalipo Mombasa na huhesabiwa miongoni mwa Miji Mitatu pamoja na Changamwe na Tangana, walijua walichokuwa wakikisema. Walikipima.

Walikipima kwa bildi. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kamba. Baharia hukitosa majini, akaiachia kamba iende hadi ilegee, kisha akaivuta huku akihesabu pima. Pima moja ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, yaani futi sita hivi, na kwa bahati njema mabaharia wa Kiingereza nao walikuwa na kipimo hicho hicho. Kuna pia chubwi, ambayo ni risasi ya mshipi wa kuvulia. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa uzamili maana ya bildi, mmoja alidhani ni aina ya samaki. Wengine walinyamaza, na ukimya wa mwanafunzi wa uzamili, nyote mnaujua, huwa na maana moja tu.

Ninayaleta maneno haya kwa sababu mjadala wa kuchimba madini katika bahari kuu umechacha, nasi Wakenya tumo ndani yake tutake tusitake. Ila tunauzungumza kwa maneno ya kuazima, na mara nyingi hatujui hata chombo kinachozungumziwa ni cha namna gani. Hebu basi tuifuate historia ya chombo chenyewe. Nitakiita dreja, na kazi yake nitaiita kukomba, kitenzi kile kile tunachokitumia kwa kijiko ndani ya dafu. Sijapata kitenzi kinachoifaa kazi hii kuliko hicho.

Dreja ya kwanza haikuwa na injini. Ilikuwa zana ya wavuvi wa chaza wa Ulaya: fremu ya chuma yenye makali upande wa chini, nyuma yake mfuko wa wavu, yote ikiburutwa na mashua. Katika karne ya 18, Mdenishi Otto Friedrich Müller aliiazima kutoka kwa wavuvi ili akusanye viumbe wa baharini. Ilimfaa, lakini ilikuwa na kasoro. Ikitua kichwa chini, makali yakielekea juu, unaiburuta mchana kutwa usiambulie kitu. Miaka ya 1830, Robert Ball wa Dublin aliitengeneza upya kwa kuiwekea makali pande zote mbili, hivi kwamba iangukapo huwa tayari kwa kazi. Ni badiliko dogo sana. Hata hivyo, kwangu mimi hapo ndipo usanifu wa vyombo vya kilindini ulipoanzia, kwa kuwa Ball alijiuliza swali ambalo kila mhandisi wa bahari hujiuliza mpaka leo: kitakuwaje kule ambako sikioni?

Zana mbaya inaweza kuzaa nadharia mbaya. Edward Forbes alikomba sakafu ya Bahari ya Aegean mwanzoni mwa miaka ya 1840, akaona kwamba kadiri anavyozidi kwenda chini ndivyo viumbe wanavyozidi kupungua. Akakisia kwamba chini ya pima 300, yaani mita 550 hivi, hakuna uhai. Wasomi walimwamini kwa zaidi ya miaka 20. Kumbe dreja yake ilikuwa na mdomo mdogo, na mfuko ulijaa matope upesi! Mwaka wa 1869, meli ya Porcupine ilishusha dreja hadi pima 2,435 magharibi ya Ufaransa, ikarudi na viumbe hai. Katika safari hizo nahodha Calver aligundua kwamba wanyama walikuwa wakinasa nje, kwenye nyuzi za kamba, kuliko ndani ya mfuko. Akaifungia dreja matamvua ya katani kama yale mabaharia wanayopigia deki. Matamvua hayo, siku nyingine, yalileta mavuno kuliko dreja yenyewe. Huyo hakuwa profesa. Alikuwa baharia mwenye macho.

Kisha ikaja safari ya HMS Challenger, iliyoondoka Portsmouth Desemba 1872 ikarejea Mei 1876 baada ya kwenda maili za bahari karibu 69,000. Ilisimama kupima na kukomba katika vituo 362. Nawaomba wasomaji wangu wasiifikirie kama safari ya mabwana wenye darubini tu. Kila kituo chenye kina kirefu kilikula siku nzima. Kilomita kadhaa za kamba ya katani zilishushwa polepole, dreja ikaburutwa kwa saa nyingi, kisha injini ndogo ya mvuke ikaivuta kamba yote kurudi juu. Mara nyingi kilichotoka ni tope la kijivu. Mabaharia, ambao hawakuwa na hamu yoyote na tope la kijivu, walibadilisha herufi moja tu katika neno la Kiingereza la kukomba, likageuka kuwa neno la kazi ya punda. Na haikuwa mzaha mtupu. Mapema katika safari hiyo dreja ilinasa chini, kamba ikavutika kupita kiasi, roda ya chuma ikang'oka na kumuua baharia mmoja kijana.

Februari 1873, kusini-magharibi mwa Visiwa vya Canary, dreja ilileta vijiwe vyeusi vya mviringo, vikubwa kama viazi. Ndani vilikuwa na manganizi na chuma. Leo tunavijua vizuri zaidi: vina nikeli, shaba na kobalti pia, na hukua milimita chache tu kwa kila miaka milioni moja. Mimi huviita vinundu, wingi wa kinundu. Wakati ule vilikuwa vitu vya ajabu vya kuwekwa makumbushoni. Hakuna aliyewaza kwamba miaka 90 baadaye watu wangevihesabu kwa dola.

Tatizo lililobaki lilikuwa kamba. Katani ni nene, ni nzito ikilowa, na kilomita nane za katani hujaza sitaha. Aliyelitatua ni Alexander Agassiz, mwanazuoni aliyekuwa pia msimamizi wa migodi ya shaba huko Michigan. Migodini aliona jinsi vikapu vya mawe vinavyovutwa kwa kamba ya waya. Alipopanda meli ya Marekani iitwayo Blake mwaka wa 1877, alikwenda na kamba ya waya. Ilikuwa nyembamba, ilishika nafasi ndogo, ilizama haraka na haikukatika ovyo. Kwa hiyo, miaka mingi kabla ya watu kuota kuchimba migodi baharini, mgodi ulikuwa tayari umeshaikopesha bahari vifaa vyake.

Sasa tuje kwetu. Wajerumani walipita na meli yao Valdivia, wakatia nanga Dar es Salaam mwaka wa 1899 na kuendelea kukomba kuelekea pwani ya Somalia. Lakini safari ninayoipenda mimi ni ile ya Mabahiss, nayo imetokana na mtu wa Challenger. John Murray alikuwa kijana katika meli hiyo. Baadaye aliyachunguza mawe ya Kisiwa cha Christmas kilichoko mashariki ya Bahari ya Hindi, akayatambua kuwa fosfeti, akaanzisha kampuni na kutajirika. Inasemekana, na yeye mwenyewe alipenda kulisema hili, kwamba serikali ya Uingereza ilipata kutoka kisiwa hicho pesa kuliko zote ilizozitumia kwa Challenger. Alipofariki mwaka wa 1914, aliacha wasia kwamba sehemu ya mali yake itumike kuchunguza bahari.

Wasia huo ndio uliolipia safari ya 1933 na 1934. Meli ilikuwa ya Misri, Mabahiss, jina la Kiarabu lenye maana ya tafiti, na mabaharia wake walikuwa Wamisri. Kiongozi alikuwa Seymour Sewell, na miongoni mwa wanasayansi walikuwamo Wamisri wawili, Hussein Faouzi na Abdel Fattah Mohamed. Waliondoka Alexandria Septemba 1933, wakafika Mombasa na Zanzibar, na mwanzoni mwa 1934 wakavuta nyavu zao katika vilindi vya Unguja na Pemba. Meli yenyewe haikuwa kubwa, urefu wake ulikuwa mita 42 tu, na ilihifadhiwa huko huko Alexandria ilikotoka.

Mabahiss ilikuwa na kifaa kilichoistaafisha bildi. Ilipima kina kwa mwangwi: sauti inapelekwa chini, inarudi, muda unahesabiwa. Kazi ya nusu siku ikawa ya sekunde chache. Kwa njia hiyo walichora safu ya milima iliyo chini ya Bahari ya Uarabuni, na juu ya safu hiyo wakaona bonde refu lenye kuta mbili. Sewell na mwenzake Wiseman walipochapisha ramani mwaka wa 1937, walilifananisha na kitu kimoja walichokuwa wakikijua: Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Miongo mitatu baadaye jiolojia ilionyesha kwamba mabonde hayo ni ndugu wa kweli, kwani yote mawili ni mahali ambapo ganda la dunia linaachana. Nashangaa kwamba vitabu vyetu vya shule haviitaji meli hii hata kwa aya moja, ilhali Challenger tunaikariri.

Kufikia hapo dreja ilikuwa chombo cha sampuli. Inaleta ndoo moja ya tope, mwanasayansi anafurahi. Kuleta tani elfu ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo tunapokutana na bomba.

Neno bomba tulilipata kwa Wareno. Kwao lilimaanisha pampu, na kwetu pia hapo zamani lilimaanisha pampu, kile chombo cha kufulia maji yaliyojaa ngamani. Baadaye maana ikahama ikaenda kwenye mfereji wa chuma ambamo maji hupita, nasi tukalazimika kukopa tena, safari hii kwa Waingereza, tukapata pampu. Kwa hiyo lugha yetu ina neno moja la Kireno lililoacha kazi yake na neno moja la Kiingereza lililoajiriwa mahali pake. Na kama kwamba historia inatutania, mojawapo ya dreja kubwa kuliko zote duniani, iliyojengwa mwaka wa 2000 kwa kampuni moja ya Ubelgiji, inaitwa Vasco da Gama. Jina lililoingia Malindi mwaka wa 1498 sasa limeandikwa ubavuni mwa meli inayobeba mita za ujazo 33,000 za mchanga kwa mkupuo mmoja.

Dreja ya namna hiyo ni meli yenye tumbo tupu. Inateremsha bomba refu ubavuni, mwisho wa bomba pana kichwa kizito chenye meno na midomo ya kurushia maji kwa nguvu, na meli inakwenda polepole huku pampu ikinyonya mchanga uliochanganyika na maji. Tumbo linapojaa, mchanga unatuama na maji yanamwagika nje.

Kwa nini basi haiwezi kwenda popote? Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo hili huelezwa vibaya. Bomba likizama baharini, maji yenyewe hupanda ndani yake hadi usawa wa bahari, na hilo halina gharama. Lakini mchanganyiko wa mchanga na maji ni mzito kuliko maji matupu. Kila mita unayoshuka inakuongezea deni la uzito. Pampu iliyokaa melini haina cha kulilipia deni hilo ila msukumo wa hewa ya angani, ambao haupiti mita 10 za maji. Fanya hesabu: mchanganyiko ukiwa mzito kuliko maji kwa theluthi moja, mfuko umeisha ukifika kina cha mita 30. Ukizidi hapo unanyonya maji tu, hata ukiiongezea injini nguvu maradufu.

Jibu lilikuwa kuiondoa pampu melini na kuishusha ikae kwenye bomba, chini, karibu na mchanga. Kutoka huko haivuti tena, inasukuma, na kusukuma hakuna mpaka ule wa mita 10. Kwa mpango huo Vasco da Gama iliweza kukomba zaidi ya mita 130 chini ya maji. Ila sasa una pampu ya umeme yenye uzito mkubwa inayoning'inia baharini mwishoni mwa bomba, huku meli ikipanda na kushuka kwa mawimbi. Meli ikipanda, kichwa kinanyanyuka kutoka chini na kunyonya maji; ikishuka, kichwa kinajikita na kuvunjika. Ikabidi kamba zipitishwe kwenye mitungi ya shinikizo inayolegeza na kukaza kila sekunde, mithili ya mkono wa mvuvi anayemchezesha samaki mkubwa kwenye mshipi. Mvuvi hufanya hivyo kwa mazoea. Mhandisi alihitaji miaka.

Tukumbuke kwamba hizo ni mita 130. Vinundu vya Challenger viko mita 4,000 hadi 5,000.

Mwaka wa 1965, Mmarekani John Mero alichapisha kitabu kuhusu utajiri wa madini ya bahari, na makampuni yakapata uchu. Zilijitokeza njia tatu kuu za kuvipandisha vinundu, na ninazieleza kwa sababu mpaka leo wahandisi wanazungukia humo humo. Mjapani Yoshio Masuda alipendekeza kamba ndefu mno iliyofungwa ndoo nyingi, inayozunguka kama mnyororo wa baiskeli kutoka melini hadi chini na kurudi juu. Ilijaribiwa katika Pasifiki mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni rahisi, ni ya bei nafuu, na ina dosari ambayo bibi yeyote msusi angeweza kuitabiri: kamba mbili ndefu zikiteremka sambamba ndani ya mikondo ya maji, hatimaye zitajisuka. Njia ya pili ni pampu kadhaa zilizopangwa ndani ya bomba. Ya tatu ndiyo inayonipendeza, kwa kuwa inaitumia bahari dhidi ya bahari yenyewe. Unapuliza hewa ndani ya bomba, mapovu yanayafanya maji ya ndani yawe mepesi kuliko ya nje, na bahari iliyoko nje inayasukuma kwenda juu pamoja na vinundu vyake. Mwaka wa 1978 muungano wa makampuni ya Canada, Ujerumani, Japani na Marekani, ukitumia meli ya SEDCO 445, ulijaribu pampu na hewa pia, ukapandisha takriban tani 800 kutoka kina cha zaidi ya mita 5,000. Ilithibitika kwamba jambo linawezekana. Bei za madini zikaanguka, na meli zikarudi bandarini.

Katikati ya hayo kuna kisa ambacho hata mtunzi wa riwaya ya upelelezi angeona haya kukitunga. Manowari ya Kisovieti K-129 ilizama Pasifiki mwaka wa 1968, kina cha karibu mita 5,000. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliitaka. Likajengwa jimeli kubwa, Glomar Explorer, lenye tundu katikati ya tumbo na jukwaa lililosimama wima hata meli ikiyumba, na dunia ikaambiwa kwamba tajiri Howard Hughes anakwenda kuchimba vinundu. Mwaka wa 1974 waliishika manowari kwa kucha kubwa za chuma, wakaanza kuipandisha, sehemu kubwa ikakatika na kurudi chini. Siri ilifichuka 1975. Jambo la kuchekesha, kama ni la kuchekesha, ni kwamba uwongo huo uliwasadikisha watu wengi kuwa uchimbaji wa bahari kuu umeshafika, na wanadiplomasia wakajadili sheria za mgodi ambao ulikuwa pazia tu. Hatimaye meli hiyo hiyo ilitumiwa kweli na kampuni nyingine kujaribu kukusanya vinundu mwishoni mwa muongo huo. Uwongo uliishia kuwa ukweli mdogo.

Tuseme ukweli, sheria hizo ndizo zinazotuhusu. Novemba 1, 1967, Arvid Pardo, balozi wa Malta, kisiwa ambacho ungekikosa kwenye ramani, alisimama katika Umoja wa Mataifa akadai kwamba sakafu ya bahari nje ya mipaka ya nchi iwe urithi wa pamoja wa binadamu wote. Hofu yake ilikuwa kwamba wenye dreja watachukua na wasio na dreja watatazama. Nchi yetu haikutazama. Mwanasheria wetu Frank Njenga aliwasilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule Colombo na kisha Lagos, hoja kwamba nchi ya pwani iwe na haki ya rasilimali hadi maili 200 kutoka ufuoni, na 1972 Kenya ikaipeleka rasmi Umoja wa Mataifa. Hoja hiyo imo katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia 1989. Mataifa mengi ya pwani duniani leo, hata yale makubwa, yanatumia maili hizo 200. Sijui ni wanafunzi wangapi wa shule za upili wanaojua kwamba wazo hilo lilipiganiwa na Mkenya.

Hata hivyo, mkataba wenyewe una matini rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Halmashauri ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaica, hutumia lugha hizo hizo.

Mitambo nayo imerudi, safari hii ikisukumwa na betri za magari ya umeme. Papua New Guinea iliingia ubia na kampuni ya Nautilus kuchimba mita 1,600 chini ya Bahari ya Bismarck. Mashine tatu kubwa za kutambaa chini, moja yao ikiwa na uzito wa tani 310, ziliundwa kando ya Mto Tyne, Uingereza, mto ule ule ulioizaa Mabahiss mwaka wa 1930. Hazikufanya kazi waliyoundiwa hata siku moja. Kampuni ilifilisika 2019, na serikali ile, ambayo haina pesa za kuchezea, ikapoteza zaidi ya dola milioni 100. Aprili 2021, roboti ya Ubelgiji iitwayo Patania II, yenye uzito wa tani 25, ilikatika kutoka kwenye kamba yake ikiwa mita 4,500 chini ya Pasifiki, ikakaa huko siku kadhaa kabla ya kuvuliwa. Mwaka uliofuata meli ya Hidden Gem ilipandisha zaidi ya tani 3,000 za vinundu. Anayesema teknolojia haiko, basi, amechelewa. Swali lililobaki ni la tope. Mwaka wa 2023 wanasayansi wa Uingereza walirudi mahali palipojaribiwa mashine ya 1979 iliyotambaa kwa parafujo kubwa. Baadhi ya wanyama wadogo walikuwa wameanza kurejea. Mifereji ya parafujo ilikuwa ingali pale, baada ya miaka 44.

Kwetu tope limeshafika mahakamani. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya, ambao ulihusisha kukomba njia ya meli, na ikasema pia kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hiyo ni kazi ya mita chache tu za kina, karibu na nchi kavu, machoni pa watu. Kushirikishwa maana yake ni mtu kuelezwa kitakachofanyika, akaelewa, akajibu. Huwezi kumshirikisha mvuvi wa Kizingitini kuhusu chombo ambacho hukukipa jina analolijua, kisha ukasema alinyamaza kwa kuwa aliridhika.

Nimekuwa nikikusanya istilahi za kazi hii kwa muda sasa. Kukomba na dreja nimezitaja, kinundu pia. Kile kichwa cha bomba chenye meno mimi nakiita paruzo, lakini silipendi sana, linasikika kama kisu cha jikoni. Mitungi inayokaza na kulegeza kamba naiita vitulizamawimbi, nalo ni refu mno kwa mtu anayepiga kelele juu ya sitaha. Wingu la tope linaloachwa nyuma na mashine sijalipatia neno kabisa. Mabaharia na wavuvi wa Lamu, Vanga, Pemba na Mafia bila shaka wana jina la maji yanapochafuka kutoka chini na samaki wakahama. Walio nalo waniletee kupitia mhariri, nami nitalichapisha hapa pamoja na jina la aliyelileta.